Bei Yake na Umri Wake

Jirani yangu wa Kavimvira, mtu mtaratibu ambaye riziki yake ni kununua samaki alfajiri katika mialo ya ziwa na kuwafikisha sokoni kabla jua halijawa kali, alinijia Jumapili moja ya kiangazi, akaketi, akanywa maji, akatoa habari za watu wa nyumbani mwake mmoja baada ya mwingine, na alipokwisha kulizunguka jambo lake kwa adabu kama ilivyo desturi, ndipo alipolitua: binti yake ameingia chuo kikuu huko Bukavu, wahadhiri hawapokei tena kazi iliyoandikwa kwa kalamu, na yeye baba mtu amekwisha kuweka akiba dola 200 za kununua kompyuta, fedha ambazo kwake ni mukeke na ndagala wa miezi mingi. "Mwalimu," aliniambia, "mimi samaki nikimtazama jicho na shavu najua amelala siku ngapi. Hii masini jicho lake liko wapi?"

Swali hilo lilinipendeza kuliko maswali yote niliyopata kuulizwa juu ya chombo hiki, maana watu aghalabu huuliza kama ni kipya, au kama kina mwendo wa kasi, au kama kina jina kubwa, na hakuna hata moja katika matatu hayo linalomjulisha mnunuzi kile anachokihitaji kweli, yaani miaka mingapi mashine itamtumikia kabla haijamtupa mkono. Mchuuzi wa samaki hatazami magamba yanayong'aa. Huinua shavu, kwa sababu uozo huanzia huko. Kompyuta nayo ina mahali pake pa kuanzia kufa, wala si pale panapong'aa. (Wenzetu wa Kenya wana neno tarakilishi, nalo ni zuri; lakini huku kwetu, ambako shule ni ya Kifaransa na soko ni la Kiswahili, chombo hiki huitwa masini tu, sawasawa na cherehani na kinu cha kusagia muhogo.)

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa muuzaji mmoja wa karibu na mpaka. Yafaa msomaji asiyefika kwetu ajue kuwa Kavimvira ni mlango: ukivuka hapo umeingia Burundi, ukapita Gatumba, na kabla ya saa moja kwisha uko Bujumbura, na bidhaa nyingi za mji wa Uvira hupita katika mlango huo. Kompyuta tunazouziwa nyingi zimekwisha kuishi maisha yao ya kwanza katika ofisi za Ulaya, ambako makampuni hubadili mashine kila baada ya miaka mitatu, minne au mitano, si kwa kuwa zimekufa, bali kwa kuwa muda wa dhamana umepita na hesabu za wenyewe zinasema zimekwisha thamani. Hukusanywa, hufutwa vumbi, aghalabu hupita Dubai, huteremshwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha huja kwa malori, au hufuata ile reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 na kuvuka ziwa kwa meli hadi bandari yetu ya Kalundu. Njia ni ndefu, na kila mkono uliozipokea mashine hizo umeziongezea bei, lakini hakuna mkono ulioziongezea umri.

Muuzaji alituwekea mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, nyepesi kama kibao cha mtoto wa chuoni, ingali imevaa nailoni yake, naye akaitaja kuwa mpya kwa dola 180. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, pembe moja imechubuka hata plastiki yake imekuwa ya kijivu, na baadhi ya herufi za kibodi zimefutika kwa vidole vya mtu tusiyemjua; na kibodi chenyewe kilikuwa cha Kijerumani, herufi ya Z imekaa mahali ambapo sisi hatukuizoea. Hiyo ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika, akaiwekea dola 220. Jirani yangu alinitazama, akamtazama muuzaji, akauliza kwa upole: "Mwanangu, samaki wa jana anamzidi bei samaki wa leo?" Muuzaji akacheka, nasi tukacheka, lakini katika kicheko hicho mlikuwa na somo zima.

Ile nyembamba nilipoigeuza haikuwa na skrubu hata moja inayoonekana. Nilipoiwasha na kusoma sifa zake nikaona prosesa ya jamii ya Celeron, kumbukumbu ya GB 4, na hazina ya GB 64 ya aina ile ambayo si diski bali ni kipande kilicholehemewa juu ya ubao. Hebu tulipime jambo hili kwa utaratibu. Kumbukumbu imelehemewa, kwa hiyo haiongezeki. Hazina imelehemewa, kwa hiyo siku itakapochakaa kwa kuandikwa na kufutwa, kama vichakaavyo vipande vyote vya namna hiyo, mashine nzima itakwenda nayo kaburini. Betri imegandishwa kwa gundi. Na programu kuu ya Windows, ambayo kila mwezi huteremsha marekebisho yake, itaijaza ile hazina ndogo pole pole hata mwenye mashine asipate nafasi ya kuweka picha za harusi. Chombo cha namna hii umri wake wote ni umri wa kiungo chake kilicho dhaifu kupita vyote, kwa sababu hakuna kiungo kinachoweza kutolewa na kingine kikawekwa. Upya wake ulikuwa wa kweli. Illa ulikuwa upya wa maua.

Ile nyeusi ilikuwa ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Jina hilo lilianzishwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1992, likauzwa kwa Lenovo ya China mwaka 2005, na tangu awali lilikusudiwa watu wa ofisi na wasafiri, si wapenda urembo. Tumboni ina skrubu sita. Ukizifungua utaona nafasi mbili za kumbukumbu ambazo kila mtu mwenye subira aweza kuzijaza kwa vidole vyake, diski inayochomoka, feni inayotoka, na betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje inayobanduka kwa kubonyeza vishikizo viwili. Mtengenezaji ametoa kwa watu wote kitabu cha mafundi kinachoonyesha kila skrubu na mpangilio wake, jambo ambalo watengenezaji wa mashine za ofisini hulifanya kwa kuwa wateja wao wakubwa hawakubali kununua kitu wasichoweza kukifungua. Ufaransa imeligeuza wazo hilo kuwa sheria: tangu mwezi wa Januari mwaka 2021 kompyuta ndogo zinazouzwa huko sharti zibandikwe alama, kutoka sifuri hadi kumi, inayomwambia mnunuzi ni rahisi kiasi gani kuitengeneza. Alama ile haivuki mpaka wa Kavimvira. Huku alama yetu ni skrubu.

Yatosha kusema kuwa baada ya maneno mengi, na kikombe cha chai, na jirani yangu kusimama mara mbili kana kwamba anaondoka, ile nyeusi ilishuka hadi 200. Lakini niliweka sharti moja, nalo namshauri kila mnunuzi aliweke, ya kwamba fedha zisitoke mfukoni kabla fundi wetu hajaifungua mbele ya macho yetu.

Fundi huyo ana kibanda cha mbao kando ya barabara kuu, meza moja, taa moja ya kuinama, na mkebe wa maziwa uliojaa skrubu ambazo yeye peke yake ndiye ajuaye nasaba zake. Kabla ya kuifungua aliiuliza mashine maneno matatu, na majibu yake ndiyo jicho ambalo jirani yangu alikuwa akilitafuta. La kwanza lilikuwa juu ya betri: katika Windows mna amri fupi, *powercfg /batteryreport*, ambayo huandika karatasi nzima ya habari za betri, na humo tuliona kuwa ile ya ndani ilizaliwa na uwezo wa 24,000 na sasa imebakiwa na 15,600, yaani asilimia 65. Hilo si aibu, kwa sababu betri za lithiamu hupungua kila zinapojazwa na kumalizwa, na baada ya mizunguko kama 300 hadi 500 hushuka hata kama mwenyewe ni mtu wa hadhari. Joto nalo huongeza kasi ya kushuka huko. La pili lilikuwa juu ya diski, ambayo huweka daftari lake yenyewe la saa ilizofanya kazi na la sehemu zilizokufa: saa zilikuwa kama 8,000, ambazo ukizigawa kwa saa 8 za kazi na siku 250 za kazi kwa mwaka hupata miaka minne kamili ya ofisi, na sehemu zilizokufa zilikuwa sifuri. Muuzaji aweza kubadili kifuniko, aweza kupaka rangi, aweza hata kuweka nailoni mpya. Daftari hili wengi wao hawaligusi. La tatu lilikuwa ni kufungua bawaba za kioo na kuzifunga mara kumi, taratibu, huku sikio liko karibu. Nililidharau mwanzoni jambo hili, hata fundi aliponionyesha kona ya kibanda chake ambako kulikuwa na vioo vitatu vilivyopasuka, vyote kwa sababu ya bawaba iliyokaza ikang'oa plastiki yake.

"Papa, sasa tuangalie mapafu," alisema, akazitoa zile skrubu sita.

Feni ilikuwa imevaa blanketi. Vumbi la miaka lilikuwa limejisokota kwenye mapezi ya shaba hata likawa kama kipande cha sufi, la kijivu na laini, na fundi alipolivuta kwa koleo dogo lilitoka zima bila kukatika. Chini yake, juu ya prosesa, ile dawa nyeupe ya kupitishia joto ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la shamba la mpunga baada ya mavuno. Msomaji asione haya kuwa maradhi makubwa. Ni dawa ya dola chache na mswaki wa zamani. Maradhi yasiyo na dawa ni rangi ya kijani kando ya miguu ya vipande, yaani kutu ya shaba, ambayo ni ushahidi kuwa mashine ilipata kunywa maji, nayo tuliitafuta kwa taa pembe zote za ule ubao mkuu, ambao mafundi wetu huuita kwa Kifaransa, *carte mère*, wala hatukuiona.

Hapa yafaa nitue kidogo, kwa sababu joto ndilo mwuaji wa kompyuta katika nchi zetu, wala watu hawalijui kwa kuwa haliui kwa kishindo. Ndani ya mashine na ndani ya chaja yake mna vipande viitwavyo kapasita, ambavyo kazi yake ni ile ya mtungi katika nyumba ambayo bomba hutoa maji kwa vipindi: hupokea umeme unapozidi na huutoa unapopungua, ili viungo vingine vipate kunywa kwa utulivu. Kapasita za umbo la mkebe mdogo zina majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka. Mtengenezaji huandika, mathalani, kuwa kipande chake kitaishi saa 2,000 katika joto la nyuzi 105, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linaposhuka nyuzi 10 umri huzidi mara mbili. Kwa hiyo kipande kile kile kikikaa katika nyuzi 65 kitaishi saa 32,000, ambazo kwa mtu anayefanya kazi saa 8 kwa siku ni zaidi ya miaka 10. Basi yule mama anayeifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono, akaiacha inawaka chini ya ufumwele ule ili ipendeze, na yule kijana anayeilaza juu ya godoro akatazama sinema hadi usiku wa manane, wote wawili wanakula miaka bila kujua. Mwanzoni mwa karne hii kulikuwa na balaa lililozikumba kompyuta za makampuni makubwa duniani, kwa sababu majimaji ya kapasita nyingi yalichanganywa vibaya viwandani. Vilele vya mikebe ile vilivimba, vikapasuka, vikatoa ute wa rangi ya kahawia. Kompyuta za mezani za zamani zingali zinauzwa huku, na anayenunua moja na akiinue kifuniko atazame vilele hivyo: vikiwa bapa, vema, vikiwa vimevimba kama shavu la mwenye jino bovu, airudishe.

Ziko kapasita nyingine ndogo mno, nyingi za rangi ya manjano, zisizo na majimaji, nazo zimetengenezwa kwa tantali, madini ambayo Anders Ekeberg wa Uswidi aliyatambua mwaka 1802. Sisi tunayajua kwa jina jingine. Ni koltani, ile inayochimbwa katika milima ya Kivu na kuteremshwa kwa magunia, ambayo bei yake ilipopanda ghafla mwaka 2000 iliwatoa watu mashambani na watoto shuleni. Fundi alizionyesha kwa ncha ya bisibisi, naye jirani yangu akainama kuzitazama kwa muda, akauliza kama ni kweli kuwa hizo ni za kwetu. Nami sikuweza kumwambia kuwa hizi zilizoko hapa zilitoka kilima fulani, ila niliweza kumwambia kuwa jiwe la namna hiyo hupita njia zetu kwa kilo, hurudi kwa punje, na katika kurudi ndipo linapokuwa ghali.

Juu ya umeme sitasema mengi, maana kila mtu wa Uvira ni mtaalamu wake. Mto wetu wa Ruzizi hushuka karibu mita 700 kutoka ziwa Kivu hadi ziwa Tanganyika, ukafungwa bwawa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili mwaka 1989, na kwa nguvu ya maji hayo majirani watatu huwasha taa. Lakini umeme kwetu ni mgeni anayeondoka bila kuaga na kurudi kwa kishindo. Kishindo hicho cha kurudi ndicho kinachounguza, kuliko giza lenyewe. Kwa sababu hiyo pekee, mtu wa mji wetu anayeweza kuchagua kati ya kompyuta ya mezani na ile ya kukunja na achague ya kukunja: chaja yake imeandikwa kuwa hupokea kutoka volti 100 hadi 240, kwa hiyo unyonge wa umeme wa jioni hauisumbui, betri yake huibeba mashine umeme unapokatika, na chakula chake ni wati 15 hadi 30 kwa kazi za kawaida, kiasi ambacho paneli ya jua ya wastani hukimudu. Umeme ukiondoka, chomoa; ukirudi, ngoja dakika kumi. Ushauri huu hauna gharama, na bado wachache huufuata, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wa waliochelewa kuufuata: nilipoteza chaja mbili katika mwaka mmoja kabla sijajifunza.

Sasa nakuja kwenye mauti ya namna nyingine, ambayo haitazamiki kwa taa wala haisikiki kwa sikio, na ambayo wauzaji hawaitaji kamwe. Mwezi wa Aprili mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira wakitafuta habari za huu mto wetu wa Ruzizi, kama unaingia ziwani au unatoka. Walikuja katika njia za wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakivuka kutoka Ujiji, na mizigo ya njia hizo ilikuwa nguo na shanga. Burton aliandika kwa kirefu juu ya shanga: kwamba kulikuwa na mamia ya namna zake, kwamba ile nyekundu ya samesame ilipendwa karibu kila mahali, na kwamba kila nchi ilikuwa na chaguo lake lililobadilika, hata msafara uliobeba ushanga ambao wakati wake umepita ulikuwa umebeba mzigo usionunua hata kuku. Ushanga ule haukuvunjika. Haukuchujuka rangi. Watu walio mbali waliamua tu kuwa haufai tena.

Ndivyo zinavyokufa kompyuta nyingi za siku hizi. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliachwa na wenyewe tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikaachwa Januari 2020. Na Windows 10, ambayo ndiyo iliyojaa katika nyumba na ofisi zetu, iliondolewa katika huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki siku hiyo. Huendelea kuwaka na kuandika, ila matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyagundua hayazibwi tena, na programu nyingine moja baada ya nyingine hukataa kuishi humo. Ile mpya, Windows 11, huchagua nyumba ya kuingia: hutaka kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la pili, na kwa prosesa za Intel hukubali, isipokuwa chache, zile za kuanzia kizazi cha 8. Kizazi husomwa katika jina lenyewe, kwenye kibandiko au katika sifa za mashine: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Mashine hizo mbili ukiziweka mezani pamoja zinaweza kufanana kama mapacha, zikaandika kwa kasi ambayo binti wa jirani yangu hataona tofauti yake, na tofauti ya miaka miwili kati yake ikawa ndiyo tofauti kati ya ushanga unaonunua na usionunua. Ile nyeusi yetu ilikuwa ya 8. Dola 20 alizozidisha jirani yangu juu ya bei ya ile nyembamba, sehemu kubwa zililipia tarakimu hiyo na zile skrubu sita.

Hasha, sisemi kuwa ya kizazi cha 6 ni takataka. Iko programu kuu ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, ambayo hutolewa bure na huipa mashine ya zamani miaka mingine mingi. Na Waswahili tuna sababu ya kuukumbuka ukoo huo wa programu huru, kwani ni humo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimotoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Mwenye fundi aliyezoea Linux na anunue ya zamani kwa bei ya chini, atapata faida. Lakini neno zito hapa ni fundi. Tanzania ilijifunza hili mapema na kwa gharama: serikali ilikuwa imeingiza kompyuta kubwa katika Wizara ya Fedha tangu miaka ya 1960, ikategemea wageni kuiendesha, ikaona fedha zinakwenda na hesabu haziji, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Watu huicheka leo sheria ile. Mimi siicheki sana, kwa maana iliona sawasawa kuwa mashine isiyo na mtu wa karibu wa kuifungua ni deni, ingawa iliamua vibaya jinsi ya kujiepusha na deni hilo.

Na kwa nini mashine ya mwaka 2018 ifae hata leo, wakati zamani zile kompyuta ya miaka mitatu ilikuwa kongwe? Kwa sababu mbio zimepungua. IBM ilipouza kompyuta yake ya kwanza ya binafsi mwaka 1981, kwa dola 1,565 ile ya bei ya chini, ilikuwa na KB 16 za kumbukumbu, na kwa miaka zaidi ya ishirini iliyofuata kila mashine mpya iliifanya ya jana ionekane kiwete. Kufikia mwaka 2004 hivi watengenezaji waligonga ukuta: mapigo ya prosesa yalipokaribia bilioni nne kwa sekunde joto likashindikana kuondolewa, na tangu hapo wanaongeza mioyo ndani ya prosesa badala ya kuongeza mbio za moyo. Kuandika tasnifu, kupiga hesabu, kusoma barua na kutazama somo la video hakuhitaji zaidi ya GB 8 na diski isiyo na sahani inayozunguka. Mtu anayebadili kompyuta kila mwaka kwa kazi hizo ananunua sifa, na sifa si haramu, lakini aijue bei yake.

Neno la mwisho ni juu ya yale yaliyowekwa ndani ya mashine. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua iliitoa mito ya Uvira vitandani mwake, Mulongwe ukibeba nyumba na watu, na siku tatu baadaye mtu mmoja wa mtaa wa chini alileta kompyuta yake ya mezani, imejaa tope hadi ndani ya kisanduku cha umeme. Fundi huyu huyu ndiye aliyeipokea. Hakujaribu kuiwasha, aliitoa diski, akaiacha ikauke siku nyingi, akausafisha ubao wake kwa spiriti, akaichomeka kwenye mashine nyingine, na picha za marehemu mama wa mtu yule zikafunguka. Kisanduku chenyewe kilitupwa. Tangu siku hiyo, kila anayemnunulia mtoto kompyuta namwambia atenge dola 15 au 20 nyingine za diski ya nje, ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki, penye sakafu iliyo juu.

Jirani yangu hakuwa na hizo dola 20 siku ile, akasema atazitafuta kwa ndagala wa mwezi ujao. Fundi alikuwa amekwisha kunawa mikono, amepaka dawa mpya ya joto kiasi cha punje ya mchele, na feni sasa ilikuwa ikizunguka bila sauti. Kabla ya kurudisha kifuniko alikipindua kutuonyesha kitu: kwa ndani kilikuwa kimebandikwa kijikaratasi cheupe, kimeandikwa kwa kalamu ya wino neno moja la Kijerumani na tarehe mbili zilizopishana miaka miwili, mwandiko mdogo wa mtu mwangalifu aliyekuwa akiifungua mashine hii katika mji asioweza kuutaja hata mmoja wetu. Fundi akachukua kalamu yake, akaandika chini ya zile tarehe, *feni imesafishwa, Kavimvira*, na tarehe ya siku ile. Kisha akazirudisha skrubu moja moja, naye jirani yangu akizihesabu kwa sauti kama anavyohesabu samaki wa kukopesha, hata zikatimia sita.